SOMO LA ROBO HII: KURUDISHA MAREKEBISHO YETU KWENYE DAFTARI KUU



Katika ukurasa huu wa masomo tumezoea kuzungumzia visima, vikundi vya kuweka na kukopa, ufugaji na utunzaji wa fedha za miradi. Safari hii tunawaletea somo ambalo kwa haraka litaonekana ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Tunaomba msiliruke. Zahanati, shule na ofisi za parokia zetu nyingi sasa zinatumia kompyuta zilizonunuliwa kwa michango yenu, na ndani ya kompyuta hizo kuna programu ambazo vijana wetu wanazirekebisha ili ziendane na kazi zetu. Swali la somo hili ni moja: marekebisho hayo yanakaa wapi?

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, kamati iweze:
1. Kueleza programu huria ni nini na kwa nini inatuhusu.
2. Kuelewa tofauti kati ya daftari kuu la mradi, nakala yetu iliyo kwenye intaneti, na nakala iliyo kwenye kompyuta yetu.
3. Kumsimamia fundi katika hatua za kuunganisha nakala hizo na kupeleka marekebisho kunakostahili.

Yaliyotupata

Miaka michache iliyopita zahanati mojawapo tunayoisaidia ilikuwa inatumia programu ndogo huria ya kutayarisha ripoti za mwezi. Muuguzi mfawidhi aligundua kwamba idadi ya watoto chini ya miaka mitano kwenye ripoti hailingani na idadi iliyo kwenye vitabu vya MTUHA. Kijana wetu mmoja aliyesoma kompyuta alikaa nayo siku nne, akakuta kosa. Programu ilikuwa inahesabu umri wa mtoto kwa siku ile ripoti inapochapishwa. Mtoto aliyetibiwa akiwa na miaka minne, kisha akatimiza mitano kabla ya ripoti kutoka, alihamishiwa kundi la wakubwa. Kijana akarekebisha, hesabu zikakaribiana sana na vitabu, tukampongeza.

Marekebisho yale yalibaki kwenye kompyuta ile moja. Mwaka uliofuata toleo jipya la programu lilitoka, fundi mwingine akaliweka juu ya lile la zamani, na kazi ya siku nne ikafutika bila mtu kujua. Kijana wetu alikuwa amekwisha kupata ajira Dar es Salaam na hakuacha maandishi yoyote. Tulitambua baada ya miezi mitatu. Wauguzi wawili walikaa jioni baada ya jioni wakihesabu upya kutoka vitabuni, kwa mkono, ripoti za miezi yote mitatu. Hatumlaumu kijana wala fundi. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu hatukuwa na utaratibu.

Programu huria ni nini?

Programu huria ni programu ambayo maandishi yake ya ndani, yaani msimbo, yako wazi kwa yeyote kuyasoma. Leseni yake inaturuhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kujifunza inavyofanya kazi, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Mfano unaojulikana sana ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Kwetu Afrika Mashariki pia historia ipo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huohuo wa 2004 ilianza kazi ya OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, kwa ushirikiano wa Regenstrief Institute ya Indiana na Partners In Health, zote za Marekani. Mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret, Kenya, katika mpango wa AMPATH wa kuwahudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Tangu hapo imeenea katika nchi nyingi, na wataalamu wa Kiafrika ni miongoni mwa wanaoiandika.

Uhuru huu una upande wa wajibu. Anayerekebisha akanyamaza, kila toleo jipya litamlazimu arekebishe tena. Anayerudisha marekebisho yake kwenye mradi, yakikubaliwa, atayakuta ndani ya toleo lijalo, na zahanati nyingine asizozijua zitanufaika bila kulipa chochote.

Daftari la parokia na daftari la kigango

Wanakamati mnajua jinsi daftari la ubatizo linavyotunzwa. Daftari kuu liko parokiani. Katekista wa kigango hana ruhusa ya kuliandika. Yeye huandika majina kwenye daftari lake la kigango, akayapeleka parokiani, na huko yanahakikiwa kabla ya kuingizwa. Jina likikosewa, linarudishwa kwake alirekebishe.

Programu huria hutunzwa vivyo hivyo. Chombo kinachotumika zaidi ni Git. Torvalds huyohuyo alikianzisha Aprili 2005, baada ya chombo walichokuwa wanakitumia watengenezaji wa Linux kuacha kutolewa bure kwao. Git hutunza historia yote ya mabadiliko: nani alibadilisha, lini, mistari ipi, na kwa maelezo gani. Mkusanyiko wa mafaili pamoja na historia yake tunauita hazina. Hazina nyingi zimewekwa kwenye GitHub, huduma ya intaneti iliyofunguliwa mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018. Git yenyewe hailipiwi, na akaunti ya kawaida ya GitHub ni bure.

Fundi wetu atakuwa na hazina tatu za kuzikumbuka:

1. Hazina kuu ya mradi. Hili ndilo daftari la parokia. Tunaruhusiwa kulisoma, haturuhusiwi kuliandika.
2. Nakala yetu kwenye GitHub, chini ya akaunti yetu. Hili ni daftari la kigango. Tunaliandika wenyewe, na mradi unaweza kulisoma.
3. Nakala iliyo kwenye kompyuta ya fundi. Hapa ndipo kazi inapofanyika.

Nakala ya tatu inahitaji kujua anwani za zile mbili nyingine. Anwani hizo huitwa rimoti. Rimoti ni jina fupi lililofungwa kwenye anwani ndefu, kama tunavyohifadhi jina la mtu kwenye simu badala ya kukariri namba. Kwa desturi, nakala yetu ya GitHub huitwa origin, na hazina kuu ya mradi huitwa upstream. Neno hili la pili lina maana ya upande wa juu wa mto, maji yanakotoka. Aliye chini ya mfereji hunywa yale yaliyopita kwa wa juu. Vivyo hivyo matoleo mapya hushuka kwetu kutoka upstream.

Hatua kwa hatua

Tunatumia hazina ya OpenMRS iitwayo openmrs-core kuwa mfano. Mahali palipoandikwa AKAUNTI, fundi aweke jina la akaunti yenu. Amri zote huandikwa kwenye dirisha la amri la kompyuta.

Hatua ya 1: Kujitambulisha. Baada ya kuweka Git kwenye kompyuta, fundi aandike mara moja tu:

git config --global user.name "Jina la fundi"
git config --global user.email "anwani ya baruapepe"

Mjue kwamba jina na anwani hii vitaonekana na watu wote ndani ya historia. Asiyetaka anwani yake ionekane anaweza kutumia ile ya badala inayotolewa na GitHub katika mipangilio ya akaunti.

Hatua ya 2: Kujitengenezea nakala kwenye GitHub. Fungueni ukurasa wa hazina ya mradi, mbonyeze kitufe kilichoandikwa Fork. Baada ya muda mfupi nakala itakuwa chini ya akaunti yenu.

Hatua ya 3: Kushusha nakala kwenye kompyuta.

git clone https://github.com/AKAUNTI/openmrs-core.git
cd openmrs-core

Hapa historia yote inashushwa, hivyo ni kazi nzito kwa bando dogo. Ifanyike mahali penye mtandao mzuri. Baada ya hapo Git huleta yale mapya tu.

Hatua ya 4: Kuangalia rimoti zilizopo.

git remote -v

Itaonekana origin mara mbili, mstari mmoja wa kuleta na mwingine wa kupeleka, yote miwili ikiwa na anwani ya akaunti yenu. Hazina kuu bado haijulikani kwa kompyuta hii. Wengi huishia hapa, na ndiyo maana nakala zao huchakaa.

Hatua ya 5: Kuongeza rimoti ya hazina kuu.

git remote add upstream https://github.com/openmrs/openmrs-core.git
git remote -v

Sasa mistari iwe minne. Someni kila anwani pole pole: origin iwe na jina la akaunti yenu, upstream iwe na jina la mradi. Kama mmekosea, msifute kila kitu. Anwani hubadilishwa kwa git remote set-url, ikifuatiwa na jina la rimoti na anwani sahihi.

Hatua ya 6: Kuleta yaliyo mapya na kujua tawi kuu.

git fetch upstream
git remote show upstream

Amri ya kwanza huleta mabadiliko mapya bila kugusa kazi yenu. Ya pili huonyesha, pamoja na mengine, jina la tawi kuu la mradi. Tangu Oktoba 2020 hazina mpya za GitHub hupewa tawi kuu liitwalo main, lakini nyingi za zamani zimebaki na jina master. Katika mifano inayofuata tumeandika master. Kama mradi wenu unatumia main, andikeni main.

Hatua ya 7: Kufungua tawi la kazi. Msifanyie kazi kwenye tawi kuu. Kila rekebisho liwe na tawi lake.

git switch --no-track -c rekebisha-umri upstream/master

Tawi hili linaanzia pale mradi ulipofikia leo, na jina lake linaeleza kazi. Fundi sasa afungue mafaili, arekebishe, ajaribu.

Hatua ya 8: Kuingiza rekebisho kwenye historia.

git status
git add jina-la-faili
git commit -m "Maelezo mafupi ya badiliko"

Maelezo yaandikwe kwa lugha ya mradi, ambayo mara nyingi ni Kiingereza. Baadhi ya miradi, OpenMRS ikiwemo, hutaka maelezo yaanze na namba ya tatizo lililoandikishwa. Hivyo fundi asome maelekezo ya wachangiaji kabla ya kuanza. Aidha, kazi ya kutafsiri maneno ya programu huenda ikawa na njia yake tofauti, na maelekezo yatasema.

Hatua ya 9: Kupeleka kwenye nakala yetu.

git push -u origin rekebisha-umri

Wengi hukwama hapa kwenye nywila. Tangu tarehe 13 Agosti 2021 GitHub haipokei nywila ya akaunti kwa kazi hii. Inatakiwa tokeni, ambayo hutengenezwa katika mipangilio ya akaunti, au ufunguo wa SSH. Anayechagua SSH atengeneze ufunguo kwa ssh-keygen -t ed25519, apeleke GitHub sehemu ya wazi peke yake (faili linaloishia na .pub), kisha abadilishe anwani ya rimoti:

git remote set-url origin git@github.com:AKAUNTI/openmrs-core.git

Hatua ya 10: Kuomba kupokelewa. Kwenye ukurasa wa GitHub mbonyeze kitufe cha Pull request. Hakikisheni kwamba ombi linaelekea hazina kuu ya mradi na kwamba linatoka kwenye tawi lenu. Elezeni tatizo lilivyo kazini: nani anapata shida, lini, na rekebisho linafanya nini. Msimamizi akitaka marekebisho, fundi afanye kazi kwenye tawi lilelile, aingize na kupeleka tena. Ombi litajisahihisha lenyewe.

Hatua ya 11: Kwenda pamoja na mradi. Angalau mara moja kwa mwezi:

git fetch upstream
git switch master
git merge --ff-only upstream/master
git push origin master

Kwa amri hizi tawi kuu la kigango linalingana na la parokia.

Tulivyorudi na mara ya pili

Baada ya yale tuliyoyasimulia, tulimtafuta tena kijana wetu. Akafanya kazi upya siku za likizo, safari hii kwa kufuata hatua hizi. Rekebisho lilipofika kwa wasimamizi wa mradi, hawakulipokea mara moja. Mhakiki mmoja, ambaye hatujawahi kuonana naye, aliuliza swali fupi: kwa nini umri unahesabiwa kwa siku ya mwisho ya mwezi? Mtoto aliyetibiwa tarehe 3 akatimiza miaka mitano tarehe 20 bado atahesabiwa vibaya. Umri uhesabiwe kwa siku aliyohudhuria.

Tulitazamana. Kumbe hata rekebisho la kwanza, lile tulilolipongeza, lilikuwa na kasoro, nasi hatukujua. Kijana akasahihisha, akaombwa pia aongeze jaribio la kuthibitisha hesabu, akaongeza. Baada ya wiki kadhaa ombi likapokelewa. Toleo lililofuata lilipowekwa, muuguzi mfawidhi alilinganisha ripoti na vitabu. Safari hii zililingana.

Kutokana na hilo tulijifunza kwamba kurudisha kazi kwenye chanzo hutupatia pia macho ya watu wengine, na hesabu za watoto wetu zilikuwa zinayahitaji.

Tahadhari nne

Kwanza, taarifa za wagonjwa zisiingie kamwe kwenye hazina. Wala orodha ya majina, wala picha ya skrini yenye jina la mtu, wala nakala ya kanzidata. Historia ya Git haisahau: faili likifutwa leo, bado linasomeka katika historia ya jana, na hazina hizi ziko wazi kwa dunia nzima. Fundi ajaribu kazi yake kwa taarifa za kubuni. Ndiyo maana tunasisitiza git status kabla ya git add, ili aone ni mafaili yapi anayaingiza.

Pili, nywila, tokeni na funguo za siri zisiandikwe ndani ya mafaili ya programu. Zikiponyoka, zibatilishwe siku hiyohiyo, kwani kufuta faili peke yake hakutoshi.

Tatu, akaunti isibaki mikononi mwa mtu mmoja. GitHub inaruhusu kufungua akaunti ya taasisi yenye wasimamizi zaidi ya mmoja. Wawe angalau wawili. Vilevile, kuanzia Machi 2023 GitHub ilianza kuwataka wachangiaji wathibitishe kuingia kwa hatua mbili, mara nyingi kwa kutumia simu. Simu ikipotea, mlango unafungwa. Namba za akiba zinazotolewa na GitHub zichapishwe na kuwekwa ndani ya sefu ya ofisi, pamoja na nyaraka nyingine muhimu.

Nne, ombi linaweza kukataliwa, au kukaa muda mrefu bila jibu. Hiyo isiwavunje moyo. Hata hapo rekebisho lenu liko salama kwenye origin, lina maelezo, na fundi ajaye ataliona. Hilo peke yake lingetuokoa sisi miezi mitatu.

Neno kwa wafadhili

Mnapotoa fedha za kompyuta, mara nyingi bajeti huishia kwenye mashine, umeme wa jua na mafunzo ya siku tano. Tunaomba mfikirie vitu viwili vidogo zaidi. Kwanza, siku za fundi za kurudisha marekebisho kwenye mradi na kujibu maswali ya wahakiki, pamoja na bando lake. Pili, kifungu kimoja katika mkataba kinachosema: rekebisho lolote la programu huria lililolipiwa na mradi huu litaingizwa kwenye hazina ya taasisi, na ombi litapelekwa kwa wasimamizi wake kabla ya malipo ya mwisho. Mkiwa wageni wetu kwenye ukaguzi, mnaweza kuomba kuonyeshwa jibu la git remote -v. Mkiona mistari minne, mjue njia ya kwenda kwenye chanzo imefunguliwa. Kisha ombeni kuonyeshwa lini ilipitiwa mara ya mwisho.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika ofisi, shule na zahanati yetu tunatumia programu zipi huria? Nani amewahi kuzirekebisha?
2. Kompyuta ya fundi wetu ikiibiwa usiku huu, ni kazi ipi itakayopotea?
3. Fundi wetu akipata ajira kwingine mwezi ujao, nani mwingine anaweza kufungua akaunti?
4. Nani katika kamati atahakikisha kwamba taarifa za wagonjwa haziingii kwenye hazina?
5. Ni tatizo gani moja dogo ambalo wauguzi au walimu wetu wanalilalamikia kila mwezi, ambalo tungeweza kuanza nalo?

Tunashauri kamati ianze na swali la pili. Jibu lake liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na mtu mmoja apewe tarehe ya kuleta taarifa. Parokia zitakazoanza, tunaomba mtuandikie kupitia ofisi ya maendeleo mkitueleza mlikokwama, ili tuwasaidie na wengine wajifunze.